Mwaka Tuliopima Sakafu ya Ziwa

Kwenye matanga ya Innocent, kule Karuba, kwenye vilima vya Masisi, walinipa nafasi ya kusema. Shemeji yake, aliyekuwa akiongoza shughuli, aliniita mbele ya watu: "Mama Beata, utuambie kidogo juu ya ile kazi mulifanyaka naye ku ziwa. Kidogo tu, mvua inakuya." Nikasimama. Mbele yangu alikaa mjane, Mama Consolata, pamoja na watoto wao ambao sasa nao wana watoto, na nyuma yao ng'ombe wa marehemu walikuwa wanachungulia juu ya ua kana kwamba wamealikwa. Nikasema alikuwa mtu mwema, mchapakazi, Bwana ampokee. Nikakaa. Nilijikasirikia mpaka machozi yakanikauka. Mtu niliyefanya naye kazi mwaka mzima nimemuaga kwa maneno ambayo yeyote angeweza kumsemea yeyote! Na mvua yenyewe haikunyesha. Basi haya hapa ndiyo niliyopaswa kusema siku ile, na kwa kuwa kwenye karatasi hakuna shemeji wa kunikatiza, nitajipa nafasi.

Habari za wazazi wangu na nilikozaliwa nitaziacha, hazina msaada hapa. Mwaka ule kwangu ulianza na chumba. Nilikuwa nimetoka chuoni na diploma mbichi ya jiolojia, nikachukuliwa na mradi uliokuja kuchoronga sakafu ya Ziwa Kivu, kazi yangu ikiwa kushughulikia vipimo. Walinipangisha Bweremana, kando ya ziwa, kwa Mama Sifa, muuzaji wa sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, mwanamke mwenye kicheko kikubwa na maneno makavu. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, na chumba changu kilipakana na jikoni, kwa hiyo kila kilichokaangwa nilikinusa na kila kilichosemwa nilikisikia, nitake nisitake. Ndani mlikuwa na kitanda, meza, kompyuta ya mradi na chandarua kimoja. Chandarua kile mkuu wetu aliamuru kifunike kompyuta, kwa sababu ya vumbi na wadudu wa usiku. Mimi nilijifunika shuka hadi puani. Mama Sifa alipoingia siku ya kwanza kuniletea chai alisimama mlangoni akatazama hali ile. "Hii ordinateur iko mugonjwa?" akauliza. "Njo maana inalala mu moustiquaire, na weye mbu zinakukula?" Kesho yake aliniletea chandarua chake mwenyewe, chenye viraka, akakifunga juu ya kitanda changu, na mimi nikaanza kumpenda kuanzia hapo.

Kazi yenyewe nitaieleza kama nilivyomweleza yeye. Mbele ya ghuba kulikuwa na chelezo kikubwa cha vyuma na mapipa, kimetiwa nanga pande zote. Juu yake wachorongaji walitoboa sakafu ya ziwa, wakishuka tabaka baada ya tabaka. Wakishamaliza tundu, zamu inakuwa yetu. Tuliteremsha ndani yake chombo kirefu cha chuma, chembamba kuliko mguu wa mtu, tulichokiita sonde, kikining'inia kwenye kamba ya chuma yenye nyaya za umeme ndani. Sonde haichimbi kitu. Inashuka hadi chini, kisha inavutwa juu polepole, na huku inapanda inasikiliza, kwa sababu udongo na mawe yote hutoa mnururisho mdogo wa asili, usiomdhuru mtu: majivu ya volkano zetu hutoa mwingi, tope la ziwa hutoa kidogo. Kompyuta huchora mstari unaopanda na kushuka, na kwenye mstari huo unasoma majivu yaliangukia wapi, mara ngapi, na yamelala kwa unene gani. Siri yote iko kwenye mwendo. Ni kama kupita sokoni ukisalimia: ukienda taratibu unasikia kila mtu anavyoitikia, ukikimbia unaambulia kelele tupu. Mama Sifa alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua sambaza. "Na mukitoboa chini, maji haitavuya yote ikaenda?" Nusu ya soko la Bweremana walikuwa wameshaniuliza hilo hilo. Nikamwambia haiwezekani, chini ya udongo kuna udongo mwingine, hakuna mahali pa maji kwenda. "Sawa," akasema. "Lakini ikipunguka hata kidogo, tunajua nyumba yako."

Aliyevuta kamba alikuwa Innocent. Alitoka Karuba, kwenye familia ya wafugaji, mwanamume mrefu mwenye shingo ndefu na aibu nyingi, aliyevaa kofia ile ile ya pama kanisani na kazini. Alisimamia treuil, yaani ile mashine yenye gurudumu kubwa la kukunjia kamba, iliyoendeshwa na motor ya mafuta ya mazutu na kutawaliwa na mpini mmoja: ukiusukuma mbele, kamba inakwenda mbio, ukiurudisha, inapunguza. Saa ya kuonyesha mwendo ilikuwa imekufa tangu kabla sijafika, na nyingine ilisemekana iko njiani kutoka Kampala. Mwaka mzima ilikuwa njiani. Kwa hiyo Innocent alijitafutia kipimo chake, naye alipima kwa wimbo. Sonde ikigusa chini, alivua kofia, akaiweka juu ya pipa, akaanza kuimba kwa lugha ya kwao, sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, na mkono wake juu ya mpini ukafuata wimbo. Mashine za leo hujirekebisha mwendo zenyewe, vijana ninaofanya nao kazi huko Goma wananiangalia kwa huruma nikiwasimulia haya. Lakini ninazo nakala za mistari ile, na sehemu za chini za matundu yetu ni safi kuliko nyingi nilizoziona baadaye kwa mashine ghali. Wimbo wa Innocent ulikuwa unakwenda sawasawa. Mpaka unapokaribia mwisho.

Maana kulikuwa na tatizo, na mimi ndiye nililiona kwanza, mchana mmoja nimebandika karatasi za matundu yote ukutani. Chini, mstari ulikuwa wazi: jivu, tope, tope, jivu. Juu kabisa, karibu na sakafu ya ziwa, ukawa umechakaa kwa manyoya manyoya, hausomeki. Tundu la kwanza hivyo, la pili hivyo, yote hivyo. Ingénieur Kalala, mkuu wetu, mtu wa Lubumbashi, mwema lakini mwenye haraka, ambaye kijiti cha meno hakikumtoka mdomoni, alisema kwanza ni gesi ya ziwa. Halafu akasema ni ulaini wa tope. Halafu tukatazama saa ambazo kompyuta ilijiandikia kila hatua ya kamba, na tukaona jambo la wazi kabisa: kila mara, sonde ikikaribia juu, Innocent aliongeza mwendo. Kalala alikitoa kijiti mdomoni. "Miaka ya juu njo ile tunatafuta, na njo ile anatuharibia!" Alikuwa na haki ya kukasirika. Tabaka za juu ndizo za majivu ambayo babu zetu waliyaona yakianguka, na mradi wote ulikuja kwa ajili hiyo, kujua volkano huwamwagia mara ngapi watu ambao hadi leo wanapanda maharage miguuni pake. "Anasikia harufu ya sambaza, anaanza kukimbilia chakula," akasema Kalala. "Umwambie, Beata. Na mimi nitamwambia."

Nilimwambia kwa upole, nikamwonyesha karatasi. Alizitazama, akapitisha kidole kwenye yale manyoya, akasema, "Pole, dada. Nitajikaza." Akajikaza kweli. Tundu lililofuata alilivuta kimya, ameuma meno, bila wimbo, na likawa baya chini mpaka juu, kamba ikiruka na kusita kama gari la mwanafunzi wa udereva. Lililofuata akarudisha wimbo, na chini pakarudi pazuri, lakini juu akakimbia tena. Hapo Kalala akaamua. Alikuja barazani kwa Mama Sifa, akakataa kiti, akasema mbele yetu sote, Innocent mwenyewe akiwepo: "Imebaki tundu moja. Kisha tunahamia Walikale, kazi ya mwaka na nusu mu pori. Tundu hii ikiharibika vilevile, kule nabeba muntu mwingine wa treuil. Nisamehe, Innocent. Si mambo ya chuki."

Nilijua kazi ya Walikale ilikuwa na maana gani kwake, kwa sababu alikuwa ameniambia, tukila. Tulikula pamoja karibu kila siku, bugali ya muhogo na sambaza za kukaanga, na mboga za lengalenga, na akitoka kuiona familia Karuba alileta jibini la duara lililofungwa kwenye majani, alilopewa na ndugu zake. Lake mwenyewe hakuwa nalo tena, kwa kuwa ng'ombe hakuwa nao. Alilikata kwa kisu cha mfukoni, akitugawia vipande vikubwa na kujibakizia ukoko. Siku moja alisema, bila kuulizwa, kwamba anataka ng'ombe mmoja. "Mutamba moja tu, dada, haijazaa bado. Moja inatosha kuanza. Mushahara ya hapa ku ziwa inalisha watoto. Ya Walikale njo itanunua mutamba." Alisema hivyo halafu akaona aibu, akainama kuokota mifupa ya samaki isiyokuwepo. Kwa hiyo Kalala alipomaliza tangazo lake barazani, mimi sikumtazama Kalala. Nilimtazama Innocent, aliyesema tu, "Ndiyo, Chef," akavaa kofia.

Mvua kubwa ilitufungia ndani alasiri iliyofuata, na chelezo hakikuweza kufikiwa. Mimi nilikuwa chumbani na karatasi zangu. Jikoni, Mama Sifa alikuwa anachambua sambaza za kukaanga, na Innocent, aliyekimbilia hapo kujikinga, alikuwa amekaa juu ya bidoni, dumu la maji. Hawakuzungumza kwa siri. Walijua nipo, ila ukuta ule ulikuwa mwembamba kuliko walivyofikiri, na mvua ilipopungua sauti zao zilinifikia kama nimekaa nao.

"Ule wimbo unaimbaka ku treuil," Mama Sifa alisema, "ni ya Kanisa?"

"Apana, Mama. Ni ya kurudisha ngombe mangaribi. Kwetu, ule anachunga anaimba kutoka kule mulima. Akikaribia lupango ya ngombe, anaanza kuita majina, moja moja. Na ule anasimama ku mulango anajibu: iko ndani. Akijibu, njo unaita ingine."

"Na kwenu nani alikuwa anajibu?"

"Mama yangu."

Nilisikia maji yakimiminwa kwenye beseni.

"Na ngombe?"

"Ilinyanganywaka yote. Siku moja tu. Mama hakumaliza ule mwaka."

"Pole, mutoto wangu." Alinawa mikono, nadhani. "Sasa ku ziwa, ukifika ku majina, nani anakujibu?"

"Hakuna. Njo maana nikifika pale, nakimbia. Nikingojea, nasikia vile kunanyamaza."

Nililia nyuma ya ukuta ule, na sioni haya kuandika hivyo. Mbele yangu zilikuwa karatasi za matundu yote, na yale manyoya ya juu niliyokuwa nimeyapigia mahesabu wiki nzima, nikiyasawazisha, nikiyachuja, nikiyaita kwa majina ya vitabuni, yalikuwa mahali ambapo mtu anamwita ng'ombe wake na hakuna wa kumpokea. Nimechakata vipimo vingi tangu siku hiyo, vya Walikale, vya Rutshuru, vya nchi za watu. Kila nikiona sehemu iliyochakaa kwenye mstari, kabla sijagusa kitu, hujiuliza kwanza nani alikuwa kwenye mpini. Vijana wananicheka kwa hilo pia, na wacheke.

Asubuhi ya tundu la mwisho ziwa lilikuwa limetulia. Tulipanda mtumbwi wa motor, chupa ya chai ya maziwa katikati yetu, na nikakaa karibu naye makusudi.

"Kaka Innocent," nikamwambia, "unitajie majina ya ngombe."

Akanigeukia. "Mama Sifa amekuambia?"

"Ukuta njo uliniambia."

Akacheka, kicheko kifupi cha puani, halafu akatazama maji, na nilidhani nimekosea. Lakini chelezo kilikuwa bado mbali. Akaanza. Wa kwanza kuingia alikuwa Bihogo, mama yao wote, mweusi kama damu iliyoganda, aliyetembea kama mke wa chifu na hakusogezwa na mtu. Kisha Gaju, mwekundu, mwenye mateke, aliyewahi kumwaga maziwa ya harusi nzima. Kisha Sine, mpole mpaka watoto walimlalia mgongoni. Kisha Bugondo mwenye madoadoa, ambaye kila jioni aligeuka mlangoni akatazama nyuma, kana kwamba amesahau kitu mlimani, na ilibidi mama amsukume kiunoni. Akaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na tabia yake, na sauti yake ikazidi kuchangamka mpaka dereva wa motor akapunguza mwendo ili asikie. Mimi nilirudia kila jina kimoyomoyo. Sijawahi kusomea mtihani wowote namna ile.

Nafasi yangu ya kawaida ilikuwa ndani ya kibanda, mbele ya kioo cha kompyuta. Nikamwomba Ingénieur Kalala akae yeye. Akanung'unika, "Beata, weye njo wa ordinateur, leo tena unataka nini?" Nikamwambia nataka kuangalia kamba inavyojikunja, na kwa kuwa ilikuwa kazi ya haki, hakukataa. Nikageuza ndoo, nikakaa karibu na treuil, upande wa mbele, mahali ambapo Innocent akiinua macho ananiona. Sonde ikashuka. Ikagusa chini. Innocent akavua kofia, akaiweka juu ya pipa, akaanza kuimba.

Sehemu ya kwanza ilikwenda kama siku zote. Kamba ilitoka majini ikitiririka, ikajilaza kwenye gurudumu, mzunguko juu ya mzunguko. Niliogopa kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kujiogopea mwenyewe. Nilijua wimbo ule kwa kuusikia tu, sikujua maana, lakini nilijua ule mpindo wa sauti ambapo daima alianza kukimbia, na ulipofika nikaona mkono wake juu ya mpini umekaza na kuanza kusogea mbele.

"Bihogo," akaita.

"Iko ndani," nikasema.

Mkono ukasimama. Hakunitazama. Akavuta pumzi, na mpini akaurudisha polepole pale ulipokuwa.

"Gaju."

"Iko ndani, na mateke yake."

Nikaona pembe ya mdomo wake ikitikisika. Akaita Sine, nikajibu. Akaita Bugondo, nami nikachelewa kidogo, kama mtu anayesukuma kiuno cha ng'ombe mkaidi, kisha nikasema iko ndani. Alingoja. Alingoja kabisa, bila haraka, mpaka nilipomaliza kusema. Wachorongaji walikuwa wameacha kupiga soga. Mmoja wao, mtu wa Masisi pia, alianza kujibu pamoja nami kwa sauti ya chini, halafu mwingine, na majina yakaendelea kuingia, huku machozi yakimshuka Innocent waziwazi bila yeye kuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa kwenye mpini na mwingine kwenye breki, na hakukubali kuondoa hata mmoja. Kamba ilipanda kwa mwendo ule ule. Sauti yake ilitetemeka, lakini mwendo haukutetemeka.

Kalala akafungua mlango wa kibanda kwa teke. "Beata! Iko propre! Iko safi mupaka juu!" Kijiti kilikuwa kimemdondoka. Alirudi ndani, akatoka tena, akacheka kama mtoto, akamwonyesha Innocent dole gumba. "Tunaenda wote Walikale, weye muntu! Sasa sonde imetoka mu udongo, iko mu maji tu. Imetosha! Vuta mbio, tukakule!"

Alisema kweli. Kati ya sakafu ya ziwa na sisi palikuwa na maji matupu, na hapakuwa tena na kitu cha kupima. Innocent angeweza kuusukuma mpini mpaka mwisho na hakuna ambaye angemlaumu. Hakuusukuma. Majina ya asubuhi yalikuwa yamekwisha, nami nilikuwa nimeanza kuinuka kwenye ndoo, lakini yeye aliendelea kuvuta taratibu vilevile, ametazama ng'ambo, kule vilima vya Masisi vinakoanza kupanda. Kisha akaita jina moja zaidi.

"Keza."

Nilimtafuta haraka kichwani mwangu. Hakuwemo. Lakini mdomo ulikuwa umeshazoea, ukajibu wenyewe: "Iko ndani."

Sonde ikatoka majini inachuruzika. Innocent akafunga breki, akazima motor, akajipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Kaka," nikamwuliza, "Keza ni ngombe gani? Asubui hukunitajia."

Akachukua kofia yake juu ya pipa, akaigeuzageuza mikononi.

"Ile?" akasema. "Ile bado sijainunua."